Kafi Lililopanda Milimani

Asubuhi ile mama alikaa jiweni hadi saa ngapi? Nimemwuliza zaidi ya mara moja, na kila mara amenijibu habari za mihogo: kwamba mwaka ule iliingiwa na ugonjwa, kwamba ngedere walikuwa wengi, kwamba wasichana wa siku hizi hawajui kuiloweka. Mama si mtu wa kusahau. Jiwe lenyewe bado lipo, limejitokeza kuelekea ziwani, na akina mama wa kijiji chake bado huketi juu yake wakisubiri mitumbwi inayoleta mabinti zao. Jibu la swali langu ndilo halipo, na nimeacha kulidai.

Mimi ni mzaliwa wa ufuko wa Ziwa Nyasa, kusini ya Mbamba Bay, na kwetu mwanamke hujifungua mimba yake ya kwanza kwa mama yake mzazi. Siku zikikaribia, hupelekwa. Anayempeleka ni mtoto wa kwanza wa mama huyo, awe wa kiume au wa kike, kwa kuwa yeye ndiye aliyewafungulia njia wenzake. Wakifika ufukweni humshika ndugu yake mkono, huuweka ndani ya mkono wa mama, kisha hugeuka na kuondoka bila kuaga. Mimba zinazofuata mtu aweza kujifungulia popote, hata njiani. Ya kwanza ina wenyewe.

Baba yangu alikuwa mtu wa kijiji chetu. Mama alitoka kusini zaidi, ukishaipita rasi ya mawe meusi. Ukiondoka na mtumbwi alfajiri unafika jua halijawa kali. Ufuko ni uleule, mchanga ni uleule, Kinyasa ni kilekile, na usipa, dagaa wa ziwa letu, wanaoanikwa kule hawanuki tofauti na wa kwetu. Kwamba kule ni Msumbiji tulijua kama mtu anavyolijua jina la ubatizo la babu yake: lipo, ila halitumiki. Kwa hiyo kaka yangu, mtoto wa kwanza, alizaliwa kule kwa bibi na kuletwa mgongoni mwa mama akiwa hajaota jino. Sisi wengine tulizaliwa huku. Vita vilipopamba moto upande ule bibi alikimbilia kwetu, akaishi nasi miaka yote ya utoto wangu. Amani iliporudi alitaka afie kwake, na mama, aliyekuwa ameshafiwa na baba yetu, akaenda naye kumtunza. Bibi alipofariki, mama akabaki na shamba la mihogo.

Miaka hiyo karibu kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda Mbinga na malori yao, maduka yalijaa mitumba na redio, na vyama vya siasa vilipeperusha bendera ambazo rangi zake tulikuwa bado tunajifunza. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kupangiwa shule ya sekondari mjini Mbinga, kufundisha uraia, somo lililokuwa limetoka tu kuchukua nafasi ya siasa. Nilikuwa nimeolewa na mtu wa Maguu, milimani kwenye kahawa. Darasani nilisema kwamba katika soko huria bidhaa huenda zinakotakiwa, na wanafunzi wakaandika. Hakuna aliyeniuliza kuhusu watu. Redioni, wakati huohuo, maneno "wahamiaji haramu" yalianza kusikika mara kwa mara. Barabarani vikawekwa vizuizi. Ikasemwa kwamba silaha zilizobaki katika vita vya jirani zinapenya kwetu, na kwamba nchi iliyofungua soko haina budi kufunga mlango wake wa nyuma. Sikuyaona maneno hayo kuwa ya kipuuzi. Sijayaona hivyo hata leo. Ila sikujua kwamba mlango wa nyuma ulikuwa ni ufuko wetu.

Nilipoteremka ziwani, mimba ikiwa katika mwezi wake wa mwisho, mama alikuwa ameshapelekewa ujumbe na wachuuzi wa usipa kwamba nitafika Jumamosi. Mume wangu alitaka nijifungulie hospitali ya Mbinga. Mama mkwe, mwanamke wa Kimatengo asiyezunguka kwa maneno, aliniuliza kama watoto wa kwetu hukataa kutoka mpaka waone maji. Nikacheka, nikapanda lori lililokuwa likirudi ufukweni tupu, nikiwa na khanga mpya, chumvi, sukari na sweta dogo la sufu alilolifuma mama mkwe huyohuyo.

Niliteremka Ijumaa mchana. Mitumbwi yote ilikuwa imepinduliwa mchangani, jambo ambalo kwetu huonekana siku ya msiba. Nikamwamkia shangazi, dada yake baba, aliyekuja kunipokea mzigo, kisha nikauliza ni nani aliyekufa.

"Hajafa mtu," akasema. "Wamekamata makafi."

Mgambo walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba tangu asubuhi wakikusanya makafi ya kupigia mitumbwi. Yalikuwa yamefungiwa katika ofisi ya kijiji, na watu wote walitakiwa uwanja wa shule, ambako afisa uhamiaji alikuwa amekuja kutoka mjini. Tukaenda hukohuko moja kwa moja, mimi na tumbo langu, shangazi na mzigo kichwani.

Afisa alikuwa kijana, pengine wa rika langu, mwenye sauti ya upole na viatu vilivyojaa mchanga. Alieleza kwamba ziwa ni mpaka, kwamba serikali inataka kujua nani ni nani kabla ya kuruhusu mtu kwenda na kurudi, na kwamba asiye na hatia hana la kuogopa. Kisha akawataka wote waliozaliwa upande wa pili wasogee kwenye mlingoti wa bendera. Nadhani alitarajia watu wachache wa pembezoni, waliokuja na vita na kusahau kuondoka, wasogee wakiinamisha vichwa.

Aliyesogea wa kwanza ni mwenyekiti wa kijiji. Alitembea taratibu, kifua mbele, kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi. Akafuata mwalimu wa kwaya, akafuata mzee wa kanisa, akafuata fundi wa mitumbwi, akafuata mama mwenye mashine ya kusaga. Vijiji vile viwili vimeoana tangu zamani, na wote hao walikuwa watoto wa kwanza wa mama zao. Kwetu kuitwa mbele kwa kuwa ulizaliwa kwa bibi yako ni kuitwa kwa cheo chako, wewe ndiye mwenye nyumba, wewe ndiye utakayewazika wazazi. Hakuna aliyewaza kujificha. Kaka yangu alisogea akiwa amevaa shati lake la kanisani. Aliponiona nyuma ya umati akaniinulia nyusi, kama kusema: umewahi kuona mkutano mzuri kama huu?

Afisa alimwomba mwenyekiti arudi kwenye umati, kwani labda hakusikia vizuri. Wanaotakiwa ni waliozaliwa ng'ambo.

"Nimesikia," mwenyekiti akajibu. "Nimezaliwa ng'ambo, kwa mama. Kwani wewe mwanangu, mama yako alikuzalia kwa wakwe?"

Uwanja mzima ukacheka. Mgambo mmoja naye alicheka, kisha akaonekana kukumbuka jambo; akaliegemeza rungu lake ukutani mwa darasa na kwenda kusimama mlingotini pamoja na wenzake. Kicheko kikaongezeka. Afisa peke yake hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyetupa ndoano ya kitoweo cha mchana akaona mtumbwi mzima unavutwa.

Aliacha kicheko kiishe. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba wote waliosimama pale watasikilizwa mmoja mmoja Mbinga, kila mmoja akiwa na mashahidi kuhusu baba yake. Mpaka siku hiyo wasitoke kijijini.

"Atakayevuka kabla ya kusikilizwa hatutamfuata," akasema. "Tutahesabu kwamba amerudi kwao."

Hapo ndipo watu wa mlingotini walipoanza kutazamana. Mwenyekiti alivua kofia yake, akaivaa tena. Nilimtazama kaka. Alikuwa ameangalia ziwani, na nilijua anachokipima: mawimbi ya kesho.

Mkutano ulipovunjika nilimfuata afisa mlangoni mwa darasa. Nilijitambulisha kuwa mwalimu wa uraia, nikamweleza kwamba sheria inamtambua mtoto wa baba raia hata akizaliwa ng'ambo, na kwamba baba yetu amezikwa hatua chache kutoka pale. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema kwamba sheria anaijua, kwamba kaka yangu ana kesi nzuri, na kwamba watu wenye kesi nzuri ndio wanaomsikitisha kwa sababu huziharibu wenyewe. Kisha akalitazama tumbo langu, akautazama mzigo ambao shangazi alikuwa bado hajautua kichwani.

"Mwalimu, hilo tumbo unalipeleka wapi?"

Nilijibu kwamba nimekuja kuwasalimu ndugu. Akaitikia kwa kichwa. Akainama, akavua kiatu kimoja na kukikung'uta mchanga.

"Basi wasalimu," akasema akiwa ameinama vilevile. "Ila kaka yako usimpe sababu."

Sikumchukia. Mara nyingi nimetamani ningekuwa na kumbukumbu ya mtu katili, kwa kuwa ingekuwa rahisi kuisimulia. Alikuwa mtumishi aliyetumwa kupiga mstari mahali ambapo hapakuwa na mahali pa kuupigia, na alinipa onyo ambalo hakulazimika kulitoa. Na lilikuwa onyo la kweli. Wiki ileile mwalimu wa kwaya alifiwa na mjomba upande wa pili. Akaenda kuzika kwa kificho, kwa njia ya nchi kavu. Aliporudi alikutana na watu wa uhamiaji njiani, na tangu siku ile, kwa muda mrefu, alikuwa akiingia katika nyumba yake mwenyewe kwa kibali cha mgeni, na kibali kikiisha anatoka, huku kwaya ikiimba bila yeye.

Jioni tuliketi nje ya nyumba ya kaka, ambayo ndiyo nyumba ya baba. Jua lilikuwa linazama upande wa Malawi. Wake wa majirani walipita mmoja mmoja kunisalimia, kila mmoja akiligusa tumbo na kuondoka bila kuuliza safari ni lini, na kutouliza kwao kulinitia hofu kuliko maneno ya afisa. Shangazi alikuwa anachambua usipa kwenye ungo. Kwa kitambo alizungumza na samaki tu. Kisha akaanza kunieleza, kwa utulivu wa mtu anayesoma hesabu ya kanisa, habari za wanawake aliowafahamu ambao mimba ya kwanza haikupokewa na mama zao: huyu hakupata mwingine, yule alipata lakini hawakai, yule mwingine mumewe alienda migodini hakurudi. Nilikuwa na shahada. Niliweza kuzipinga habari hizo moja baada ya nyingine, na nilizipinga moyoni. Mikono yangu hata hivyo ilikuwa imelishika tumbo, na sikumbuki niliipeleka huko lini.

Kaka alitoka ndani akiwa amebeba kafi. Lilikuwa kafi la baba, refu, jeusi kwa kushikwa. Mgambo walipopita alikuwa amelichomeka katika makuti ya paa juu ya jiko, nao wakachukua mengine mawili yaliyokuwa yameegemezwa ukutani, wakaridhika. Akaketi akaanza kulipaka mafuta ya nazi, taratibu, kwa kitambaa.

Nikamwambia kwamba sivuki. Nikamweleza yote, sheria na onyo la afisa, kwamba akitoka na mimi alfajiri hatakuwa na cha kujibu Mbinga. Kwamba shamba hili, kaburi la baba, watoto wake waliokuwa wanacheza nyuma ya nyumba, vyote vitabaki huku naye kule. Nikasema mtu mwingine hawezi kunipeleka, na hata angeweza hakuna ambaye angethubutu. Nikasema hospitali ya Mbinga ina wakunga wazuri.

Alinisikiliza kama afisa alivyonisikiliza, na hilo liliniumiza.

"Umemaliza, Mwalimu?" akauliza. Aliniita hivyo aliponitania tangu nilipokwenda chuoni. "Mimi nilishazaliwa. Hilo halitengenezwi ofisini."

"Ukivuka hutarudi, kaka."

"Nitarudi kwa njia niliyojia mara ya kwanza. Mgongoni mwa mama."

Shangazi alicheka mpaka ungo ukatikisika, na mimi nikacheka nikiwa na machozi. Kaka akangoja tutulie. Kisha akasema, mara hii bila mzaha, kwamba mama ameshafagia nyumba, ameshateka maji, kesho alfajiri atakwenda jiweni. Hakuna mtu wa kumpelekea habari kwamba hatuji, kwani makafi yote yako ofisini isipokuwa hili. Je, nilitaka aketi pale akilitazama ziwa, asijue kama tumezama au tumekamatwa? Yeye ni mtoto wake wa kwanza. Kazi yake ni moja. Akiogopa kuifanya, basi hata akishinda Mbinga, watakuwa wamemwachia nyumba ambayo hana haki ya kuitwa mwenyewe.

Nilielewa kwamba nikisema sivuki angesimama mtumbwini kuningoja mpaka nione aibu. Na kwamba nikiondoka na kumwachia kafi angevuka peke yake, walau kumweleza mama. Kukataa kwangu hakungemlinda. Kulikuwa na kitu kimoja tu ufukweni pale kilichoweza kumtoa katika nchi yake, nacho kilikuwa magotini pake, kinang'aa kwa mafuta. Kabla hatujaingia ndani nilikuwa nimeshaamua. Niliyemwambia ni shangazi peke yake. Aliutikisa ungo, akapuliza maganda, akasema kwamba lori la usipa huondoka mapema na kwamba atanifungia samaki wa kumpelekea mama mkwe.

Kulipopambazuka niliusikia mlango wa kaka, kisha nikamsikia mchangani akiupindua mtumbwi. Nilitoka. Kafi lilikuwa limeegemezwa kizingitini, lilipotakiwa kuwa, ili nilibebe mimi: anayepelekwa ndiye huteremka na kafi. Nilijitwisha mzigo, nikalichukua, nikateremka. Kaka alikuwa amesimama majini hadi magotini ameshika ubavu wa mtumbwi, mgongo wake kwa ofisi ya kijiji, na aliponiona na kafi mkononi akatabasamu.

Nikampita. Nilitembea kandokando ya maji, shangazi nyuma yangu, mpaka kwenye lori lililokuwa linapakia magunia mbele ya ofisi. Mgambo wawili walikuwa wameketi barazani wakiota moto. Mmoja wao alikuwa yule aliyekwenda mlingotini. Walilitazama kafi, wakanitazama mimi, wasinyanyuke. Nililiinua nikalisukuma kati ya magunia ya usipa, mpaka likabaki limetokeza mpini tu.

Nilisikia nyayo za kaka kwenye mchanga. Alifika suruali ikichuruzika maji. Angeweza kulivuta, mpini ulikuwa mbele ya uso wake. Mgambo walikuwa wameacha kunyoosha mikono motoni.

"Mama yuko njiani kwenda jiweni," akasema.

"Najua."

Alisimama hivyo muda uliomtosha dereva kufunga turubai upande mmoja na kuhamia wa pili. Kisha akainama, akapachanisha vidole vya mikono yake na kuniwekea ngazi. Niliweka mguu, akaniinua, mimi na mwanangu, akaniketisha juu ya magunia. Bado alikuwa ameushika mkono wangu. Niliona akitazama huku na huku, kama mtu anayetafuta mahali pa kuuweka. Shangazi alikuwa pale, lakini shangazi si mama. Mwishowe akauvuta mkono wangu taratibu, akauweka juu ya mpini wa kafi la baba, akavifunga vidole vyangu kimoja baada ya kingine.

Akageuka akaondoka bila kuaga, kama inavyotakiwa. Lori likaanza kupanda kuelekea Mbinga.